Paluku Hajawahi Kuvunja Sahani

Kuna vijana wanaenda chuo wanarudi na diploma, wengine wanarudi na miwani, wengine na mchumba. Josias Habineza wa mtaa wa Keshero, Goma, alirudi na ugonjwa wa kuona utoto wa kila mtu.

Ulimwanza mwaka wa pili wa saikolojia, siku profesa alipowaambia kwamba mtu mzima si kitu ila mtoto aliyevaa suruali ndefu. Maneno yale yalimwingia Josias kichwani yakakaa, na tangu hapo hakuwa na amani, wala majirani zake hawakuwa nayo. Motari akimbeba kwenye pikipiki yake huku anatafuna kijiti, Josias anamwinamia sikioni: "Ndugu, waliku­achisha ziwa mapema, sivyo? Umebakia kwenye hatua ya kinywa." Mama muuza makaa akipanga mafungu yake yakanyooka mstari mmoja, Josias anatikisa kichwa kwa huruma: masikini, huyu alifundishwa choo kwa fimbo. Fundi aliyekuja kutengeneza mlango wa kwao aliulizwa kama utotoni alimpenda mama yake kupita kiasi na kumwonea baba yake wivu. Fundi akajibu kwamba mama yake anampenda mpaka leo, akakusanya misumari yake, akaenda. Mlango ule haujafunga vizuri mpaka sasa.

Hata mama yake mzazi hakupona. Asubuhi moja mama Nyiransabimana alisimulia kwamba ameota mlima unawaka. Josias akaweka kikombe chini taratibu, kama daktari.

"Mama, mulima unaowaka ndani ya ndoto ni hasira uliyofungia moyoni tangu utoto."

"Hasira gani? Mulima si ule pale!" Akamwonyesha dirishani, ambako volkano ya Nyiragongo ilikuwa inatoa moshi wake wa kila siku. "Na nyumba yetu ya kwanza, iliunguzwa na hasira yangu?"

"Unaona? Huo unaitwa ukinzani. Mugonjwa anakataa siku zote."

Mgonjwa akampiga na kitambaa cha kupangusia vyombo, na tangu siku hiyo ikawa marufuku kuleta kozi mezani. Lakini nyani haoni kundule. Huyu mtaalamu wa utoto wa wengine alikuwa na miaka ishirini na saba, na mama yake alikuwa bado anamtolea samaki miiba.

Mtu mmoja tu mjini Goma ndiye hakumkimbia, naye ni Kaswera. Alikuwa anauza dawa katika famasia moja ya mtaa wa Mapendo, na mtu anayesikiliza vikohozi kutwa nzima ana uvumilivu wake. Halafu Josias alikuwa na kitu ambacho wanaume wengine hawakuwa nacho. Wengine waliuliza "habari?" na kabla hajajibu wameshaanza kusema habari zao. Josias aliuliza, akanyamaza, akangoja jibu. Kweli, alikuwa anauliza mambo ya ajabu, kama vile alinyonya mpaka lini, lakini alingoja jibu. Naye Josias alimpenda Kaswera, si kwa hatua wala kwa kompleksi yoyote ya kitabuni. Alimpenda tu, mpaka usingizi ukamhama.

Sasa tatizo lilikuwa baba yake Kaswera.

Papa Léopold Kambale alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe na vitunguu katika barabara ya Butembo tangu ujana wake. Alikuwa mtu wa maneno machache sana, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Wachumba wawili walikuwa wameshapita katika saluni yake, chumba cha kupokelea wageni. Wa kwanza alikataliwa kwa sababu alijibu simu. Wa pili alikataliwa kwa sababu alicheka kabla hadithi haijaisha.

"Papa amesema wewe ni wa mwisho," Kaswera alimwambia Josias. "Akikukataa, naenda kukaa Butembo kwa shangazi. Na huko kuna mwanaume mwenye lori, shangazi ameshaanza kumupikia chai."

Josias akashika kaunta ya famasia kwa mikono miwili. "Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Siku ya présentation, mukija kuniposa, haufungue kinywa. Kwenu anasema muzee wenu, kwetu anasema papa. Wewe ni mutu wa kuangaliwa tu."

"Hata neno moja?"

"Ukipewa kitu, useme aksanti. Basi."

Hapo mambo yangeishia vizuri, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Josias hakuweza kwenda kwa mtu bila kumsoma kwanza. Akauliza jina Kambale lilitoka wapi. Kaswera akacheka, maana kwao Wanande mtoto anazaliwa jina linamngoja mlangoni. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Ukisikia jina hauna haja ya kuuliza mtu ni wa ngapi kwao. Josias, ambaye ukoo wake wa Rutshuru unamtafutia kila mtoto jina lake la pekee, hakuwa amewahi kufikiria jambo hilo. Kidogo acheze ngoma pale famasiani mbele ya wanunuzi.

Kwenye kozi yake kulikuwa na somo zima juu ya hayo! Kwamba tabia ya mtu inatokana na nafasi aliyozaliwa. Wa kwanza ni mfalme aliyenyang'anywa kiti, wa mwisho anadekezwa mpaka anaharibika, na wa pili, jameni, wa pili anakimbia maisha yake yote akiangalia mgongo wa mkubwa wake.

"Na Paluku wake iko wapi?"

"Sijui. Papa hamutaji. Nilipokuwa mudogo niliuliza, akatoka nje akaenda kupanga magunia ya maharagwe."

"Unaona! Ni wivu wa ndugu! Ameukandamiza chini kabisa!"

"Josias."

"Dawa yake ni kumuonyesha kwamba amepita mukubwa wake."

"Josias, utanyamaza?"

"Nitanyamaza," akasema Josias, na kusema kweli alikuwa anaamini.

Msemaji wao alikuwa baba yake mdogo, muzee Nsanzimana, mfugaji wa Masisi, aliyeshuka Goma na kofia yake, fimbo yake na jibini kubwa ya zawadi chini ya kwapa. Josias akamvuta pembeni. "Papa mudogo, ndani ya maneno yako uingize kidogo kwamba papa Léopold amepita ndugu yake Paluku."

Muzee akamwangalia. "Huyo Paluku unamujua?"

"Hapana. Lakini ni kitu cha kisayansi."

"Mimi sisifu ngombe kwa kutukana ile iliyonyonya nayo," akasema muzee Nsanzimana, na shauri likafungwa.

Jumapili, baada ya misa, wakafika Mapendo. Saluni ya mama Wivine, mama yake Kaswera, ilikuwa inang'aa. Kulikuwa na kanape ndefu, yaani kochi, iliyofunikwa vitambaa vyeupe ambavyo mama Wivine alifuma kwa mikono yake mwenyewe, na juu ya kanape ile hakuna mtu aliyewahi kuegemea, sembuse kulala. Hata paka wa nyumba alikuwa anaijua sheria hiyo. Kwenye meza zilikuwa sahani za maua ya buluu, zinazotoka kabatini kwa ubatizo na kwa msiba tu, zimejaa sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, na pembeni bakuli dogo la kitu chekundu.

Papa Léopold alisalimia kwa kichwa. Kisha akaanza kupanga vifuniko vya chupa za Fanta mbele yake, kimoja baada ya kingine, vikanyooka vizuri kabisa.

Josias akauma ulimi. Profesa aliwafundisha kwamba ndani ya kila mtu kuna nyumba yenye wapangaji watatu. Kuna mtoto mchanga anayelilia kila kitu, tena sasa hivi. Kuna katekista mwenye fimbo. Na katikati yao kuna bwana mmoja masikini anayejaribu kuleta amani. Siku hiyo wapangaji wa Josias walikuwa wameshikana mashati. "Vifuniko!" mtoto alikuwa anapiga kelele. "Muangalie vifuniko! Hatua ya choo! Sema!" "Ole wako ufungue kinywa," katekista alisema. Yule bwana wa katikati akaomba, "Tafadhalini, tule sambaza."

Muzee Nsanzimana alianza vizuri, lazima tumpe haki yake. Akasalimia wazima, akakumbuka wafu, akasifu barabara, mvua na nyasi. Akasema walikuwa wanapita zao, wakachungulia katika boma hili, wakaona mtamba mmoja mzuri ajabu, mwenye macho ya upole, na ng'ombe wao dume tangu siku hiyo hali majani. Papa Léopold alisikiliza mpaka mwisho. Pembe ya mdomo wake ilisogea kidogo, na kule kwenye mlango wa jikoni Kaswera akashika moyo, maana baba yake akisogeza pembe ya mdomo ni kama mwingine amepiga vigelegele.

Ndipo muzee akatulia kidogo apate nguvu ya kuendelea. Akachukua sambaza tatu kwa pamoja, akazichovya katika lile bakuli jekundu akidhani ni tomati, akazitia mdomoni.

Ilikuwa pilipili. Tena pilipili ya mama Wivine, ambayo wageni wanaionja kwa ncha ya kijiti.

Muzee Nsanzimana alifungua mdomo, sauti haikutoka. Machozi yakatoka, jasho likatoka, kofia ikaanguka, lakini sauti, ng'oo. Alionyesha kwa mkono kwamba anakuja, wamngoje, yuko njiani. Wakangoja. Saluni ikanyamaza mpaka ukasikia Fanta inavyotoa povu.

"Muzee, tunawasikia," akasema papa Léopold.

"Hhhh," akasema muzee Nsanzimana.

Papa Léopold akaweka mikono juu ya mikono ya kiti, vile anavyoweka mtu anayetaka kusimama. Josias aliiona ile mikono. Akaona na macho ya Kaswera mlangoni, yamejaa hofu, na nyuma ya macho yale akaona barabara ya Butembo na lori na chai ya shangazi. Katekista wa ndani alitupa fimbo akakimbia. Mtoto akashika usukani.

"Papa," Josias akasema, "mimi naelewa maumivu yako."

Ulimi uliponza kichwa, wahenga walisema, na wahenga hawakuwa wamemwona Josias akiinuka kwenye kiti na kidole juu.

"Wewe ni Kambale. Wewe ni wa pili. Tangu utoto unakimbia nyuma ya Paluku. Ukifanya kitu, unauliza moyoni: Paluku angefanya aje? Ndiyo maana unapanga vifuniko, ndiyo maana hausemi. Lakini sisi, famii ya Habineza, tumekaa, tumeangalia, tumeona: wewe umemupita Paluku! Umemupita mbali sana!"

Mama Wivine akafanya ishara ya msalaba. Kaswera akajifunika uso wote na kitenge. Muzee Nsanzimana, aliyekuwa anakufa kwa pilipili, aliamua kufa kwa haya badala yake.

"Unamujua Paluku?" papa Léopold akauliza polepole.

"Hapana, papa. Lakini nimesoma."

"Umesoma Paluku?"

"Nimesoma… kwa jumla."

"Iko wapi, huyo Paluku niliyemupita?"

Josias akabahatisha. "Labda… Butembo?"

"Ndiyo. Iko Butembo. Nyuma ya nyumba ya mama yangu, chini ya udongo. Alikufa hata jino halijaota. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, wakaniita Kambale, sababu Paluku alikwisha kupita."

Kama sakafu ya saruji ingekubali kufunguka, Josias angeingia na viatu vyake. Aliona haya, haya ya kweli, yanayochoma masikio. Kozi zake zote, na hakuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kukimbia nyuma ya mtoto mchanga. Akasema, "Papa, unisamehe," na sauti yake ilikuwa ndogo.

Papa Léopold aliangalia vifuniko vyake. Akavivuruga kwa kidole kimoja.

"Mama," akamwambia mke wake, "ondoa vitambaa."

"Vitambaa gani?"

"Vya kanape. Niliona kwenye televizyo. Kwa watu wa kazi ya huyu kijana, mutu analala ndipo anasema."

"Léopold! Kanape yangu!"

Lakini papa Léopold alikuwa ameshavua viatu. Akajilaza juu ya kanape ya mama Wivine kwa urefu wake wote, kidole gumba cha mguu kikachungulia kupitia tundu la soksi, akafumba macho. Na yule mtu wa maneno machache akaanza kusema.

Alisema kwamba siku moja, bado mtoto, alivunja sahani ya mama yake. Mama hakumpiga. Alikaa chini akaangalia vipande akasema, Paluku wangu hangevunja. "Ningependa anipige," papa Léopold akasema. Alipofeli shuleni, Paluku angepita. Alipoanza biashara maharagwe ya kwanza yakaoza njiani, na mama akapumua tu, na papa Léopold akajua amepumua jina la nani. "Nilipooa, Paluku angeoa mwingine."

"Mwingine nani?" akauliza mama Wivine.

"Mama, niko nalala," akasema mume wake. Kisha akageuza kichwa kwa Josias. "Wewe umesoma. Uniambie. Mutu anashindana aje na mutu ambaye hakosei? Mimi nimevunja vyombo, nimepoteza magunia, nimepotea njia na lori ya watu. Yeye hajachelewa siku hata moja. Paluku hajawahi kuvunja sahani."

Josias alitafuta kichwani mwake hatua, kompleksi, nadharia, chochote. Hakukuta kitu. Akabaki na somo moja tu, lile ambalo siku zote alikuwa analiruka: mtu akisema, nyamaza. Akanyamaza. Akakaa kwenye ukingo wa kiti chake, mikono kati ya magoti, akasikiliza jinsi alivyokuwa anamsikiliza Kaswera, na mara mojamoja akasema "mm". Mlangoni kitenge kikashuka kidogo, jicho moja likatokea.

Papa Léopold alisema mpaka sambaza zikapoa na kengele ya parokia ikalia. Kisha akaketi, akajipangusa uso, akaonekana kama mtu aliyetua gunia.

"Mimi sijasema hivi tangu nizaliwe," akasema. "Wewe kijana, kwenu ni wa ngapi?"

"Wa kwanza, papa."

"Mm," akasema papa Léopold. Alikuwa amelijifunza neno hilo kwa Josias. "Mama, mupatie huyu mutoto chakula. Hajala kitu."

Mama Wivine, ambaye bado alikuwa anawaza juu ya yule mwanamke mwingine, akajaza sahani ya maua ya buluu mpaka juu akamnyooshea. Josias akasimama kuipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Lakini mikono ilikuwa imelowa jasho la mchana mzima. Sahani ikamponyoka. Ikaanguka kwenye saruji ikapasuka vipande vipande, sambaza zikatawanyika mpaka chini ya kanape, ambako paka alikuwa anangoja.

Josias alisimama na mikono yake mitupu mbele, akatafuta neno la kusema. Akakumbuka lile moja aliloruhusiwa.

"Aksanti," akasema.

Papa Léopold aliangalia vile vipande. Mabega yake yakaanza kutikisika. Josias akafikiri, basi, hasira imefika, kwaheri Kaswera. Kumbe ni kicheko. Kilianzia chini tumboni, kikapanda, kikamtoa machozi, na papa Léopold akachukua kitambaa cheupe cha mama Wivine kilichokuwa karibu akajipangusia macho na pua.

"Mama Wivine! Umeona? Umeona? Paluku amevunja sahani!"

"Sahani yangu! Na kitambaa changu!"

"Wachana nayo! Huyu kwetu angeitwa Paluku, na ameivunja mbele ya macho yangu!" Akamshika Josias mabegani kwa mikono yake miwili, mikono ya mtu wa magunia, akamkalisha juu ya kanape, pale kwenye vitambaa vilivyovurugika. "Muzee Nsanzimana, muende, mupange siku, mutoto ni wenu."

Wote wakamgeukia muzee, maana hapo ndipo msemaji wa ukoo anapotoa shukrani zake nzito. Muzee Nsanzimana akasafisha koo, akaokota kofia yake, akaivaa, akasimama.

"Maji," akasema.

Kaswera alikwenda kuyaleta mbio, analia na kucheka kwa pamoja, na njiani akachukua ufagio. Alipoinama kukusanya vipande, baba yake akamzuia mkono.

"Uache kwanza, mama," papa Léopold akamwambia binti yake. "Hii sahani nilikuwa naingojea tangu utoto. Uniache niiangalie kidogo."